Straight Up ya Badfinger: albamu ya 1971 ambayo sikutegemea ingenishika hivi

Kama ulikulia Kenya au Tanzania miaka ya tisini na nyumbani mlikuwa na redio, basi "Without You" unaujua. Ulipigwa harusini, ukapigwa kwenye vipindi vya usiku vya nyimbo za mahaba, Mariah Carey akipandisha sauti mpaka basi. Waliotutangulia wanaukumbuka kwa Harry Nilsson, ambaye mwaka 1972 alikaa nao namba moja wiki 4 Marekani na wiki 5 Uingereza. Walioutunga ni vijana wawili wa bendi ya roki iitwayo Badfinger: Pete Ham wa Swansea, huko Wales, na Tom Evans wa Liverpool. Toleo lao la 1970 ndilo lililonivuta kwa bendi hii, na kutoka hapo nikafika kwenye Straight Up, albamu ninayotaka kuizungumzia.

Kwanza nimalizane na wimbo huo. Kwenye santuri yao ya No Dice umewekwa mwisho wa upande wa kwanza, bila makuu yoyote. Ham alikuwa na beti zilizokosa kiitikio cha nguvu, Evans alikuwa na kiitikio kilichokuwa kinatafuta beti, wakaunganisha. Ukilijua hilo, unaposikiliza utaushika mshono: beti zinaenda taratibu, mtu anaongea na nafsi yake, kisha kiitikio kinaingia na mtu wa pili na maumivu mengine. Hapo Nilsson na Carey wanapaza sauti. Badfinger hawapazi. Wanaimba kwa pamoja, sauti ya kwanza na ya pili zikiwa zimebanana, na gitaa linaendelea na kazi yake nyuma. Mimi toleo hili ndilo linaloniuma zaidi, na sioni tena sababu ya kurudia yale mengine.

Sasa Straight Up. Ilitoka Desemba 1971 kupitia Apple, kampuni ya rekodi ya Beatles, na nakala niliyo nayo ni sidii iliyosafishwa upya mwaka 2010, ambayo binamu yangu aliniletea kutoka Uingereza. Nyimbo ni 12, pamoja na nyongeza kadhaa. Historia ya kurekodiwa kwake ni ya misukosuko: walianza na mtayarishaji Geoff Emerick, kampuni ikaikataa kazi hiyo, akaingia George Harrison mwenyewe, mpiga gitaa wa Beatles, naye akalazimika kuondoka katikati kwa ajili ya tamasha la kuichangia Bangladesh pale New York. Mmarekani Todd Rundgren ndiye aliyekuja kuimalizia. Albamu iliyopita mikononi mwa watu watatu ungetarajia iwe viraka viraka. Haiko hivyo, na nadhani ni kwa sababu utunzi wenyewe ulikuwa imara kabla mtayarishaji yeyote hajagusa kitu.

Wimbo wa kukaa nao ni "Day After Day". Vaa hedifoni, ufunge mlango. Lile gitaa linaloteleza juu ya nyuzi, linaloimba pale mwanadamu anaponyamaza, ni magitaa mawili: moja la Ham, jingine la Harrison, wakipiga mstari uleule pamoja. Kinanda ni cha Leon Russell. Ukisikiliza kwa makini utagundua magitaa hayo hayalingani kabisa kabisa; kuna tofauti ndogo sana, moja linafika kwenye noti kabla ya mwenzake, na ndiyo maana sauti ile inakuwa pana na yenye uhai. Kompyuta ya leo ingeyanyoosha yakawa kitu kimoja. Nimeusikiliza wimbo huu asubuhi, nimeusikiliza usiku wa manane, na kila mara nasubiri sehemu ile kinanda kinapojibizana na gitaa. Marekani ulifika namba 4, kwa hiyo wakati wake haukupuuzwa. Kilichopuuzwa zaidi ni kazi zao za baadaye.

"Baby Blue" wengi waliufahamu mwaka 2013, ulipopigwa mwishoni kabisa mwa tamthilia ya Breaking Bad. Niliwahi kuusikia hapo bila kuuliza ni wa nani. Gitaa la kuanzia limepitishwa kwenye spika ya Leslie, ile inayozunguka ndani ya kabati lake na ambayo kwa kawaida hutumiwa na kinanda cha ogani, na ndiyo inayolipa ule mtikisiko kama maji. Dakika tatu na ushei tu, lakini hakuna sekunde iliyowekwa kujaza nafasi. Kwenye nyongeza za sidii hii kuna mchanganyo wa singo ya Marekani, ambamo ngoma zimeongezewa mwangwi. Binafsi naupenda ule wa albamu, ngoma zikiwa kavu.

Halafu kuna "Name of the Game", wimbo ambao sijui kwa nini hautajwi zaidi. Unaanza na kinanda, unapanda hatua kwa hatua, na Ham anaimba kama mtu aliyekwisha kubali jambo gumu. Nyongeza zina toleo la awali la wimbo huohuo, kwa hiyo unaweza kulinganisha mwenyewe. "Take It All", unaofungua albamu, Ham aliuandika baada ya tamasha lile la Bangladesh la Agosti 1971, ambako alisimama jukwaani na Harrison, magitaa mawili tu, mbele ya umati wa Madison Square Garden. "Sweet Tuesday Morning" wa Joey Molland, mpiga gitaa mwingine wa bendi, ni mtamu na mwepesi. "Sometimes" na "It's Over" ni za kawaida, nazipita bila uchungu.

Kuna lawama moja ambayo imewaandama tangu mwanzo: kwamba ni nakala ya Beatles. Ni kweli kibao chao cha kwanza kikubwa, "Come and Get It", alikitunga Paul McCartney, akakirekodi mwenyewe kwanza kwa kupiga ala zote, kisha akawaelekeza wakipige vilevile. Lakini huo ni wimbo mmoja. Sikiliza jinsi Ham anavyojenga sauti yake ya wazi, isiyo na madoido, ikiwa na lafudhi ya kwao ikichungulia hapa na pale, na jinsi Evans anavyomdaka juu yake. Hilo halikutoka kwa mtu mwingine. Mike Gibbins kwenye ngoma naye anastahili kutajwa, kwani hapigi zaidi ya wimbo unavyohitaji, na roki ya wakati ule ilikuwa imejaa wapigaji wasiojua kuacha.

Ukiwatafuta mtandaoni, jambo la kwanza utakalokutana nalo ni mkasa wao. Fedha zao zilipotelea kwenye mikataba na mameneja, kesi zikafuata, na mnamo 24 Aprili 1975 Ham alijitoa uhai, zikiwa zimebaki siku 3 atimize miaka 28. Evans naye alijitoa uhai mwaka 1983, baada ya miaka ya mivutano iliyohusu pia malipo ya "Without You". Inauma sana, na sidhani mtu anaweza kusikiliza kiitikio cha wimbo ule bila kulifikiria. Ila naomba usianzie hapo. Nyimbo hizi ziliandikwa na vijana waliokuwa na matumaini makubwa, na ukizisikiliza kama maombolezo utaikosa furaha iliyomo, nayo ni nyingi.

Tahadhari kwa mnunuzi: sokoni kuna mikusanyo mingi ya bei rahisi yenye jina la Badfinger ambayo ndani yake ni nyimbo zilizorekodiwa upya miaka mingi baadaye, au rekodi za jukwaani zilizotiwa sauti mpya studioni. Majina ya nyimbo ni yaleyale, jalada linavutia, lakini kwenye zile zilizorekodiwa upya Ham hayumo. Kabla ya kulipa, au hata kabla ya kubofya, angalia kama kuna nembo ya Apple na mwaka wa kurekodiwa. Kwenye programu za kusikilizia muziki nenda kwenye ukurasa wa albamu yenyewe, usiridhike na orodha zilizopangwa na watu.

Anayetaka magitaa mazito na makelele, hapa hatapata chake. Anayependa zilipendwa zenye sauti zilizopangwa vizuri na tungo zinazobaki kichwani, anunue bila wasiwasi. Baada ya hii mimi nimehamia Wish You Were Here ya Novemba 1974, iliyotayarishwa na Chris Thomas. Kampuni yao mpya, Warner Bros., iliiondoa madukani miezi michache tu baada ya kutoka kwa sababu ya ule mgogoro wa fedha, kwa hiyo waliobahatika kuisikia enzi hizo ni wachache. Nimeanza na "Dennis", na naona itanichukua muda kuupita.