LibreOffice au Microsoft 365 kwa kazi za shule?

Kwa mwanafunzi anayeandika insha, kuchora chati na kuandaa slaidi, LibreOffice, seti ya programu za ofisi, inatosha. Haina ada: shule inaipakua mara moja, inaiweka kwenye flashi, na wazazi wanaisakinisha nyumbani kihalali bila kutumia bando. Microsoft 365, yenye Word na Excel, hulipiwa kila mwezi au mwaka. Ile ya bure ya kwenye kivinjari inataka intaneti, kwa hiyo mzazi anayekwepa leseni anaishia kulipia bando.

Shida ya LibreOffice huanza faili zikihama. Kazi iliyoandikwa kwa Calibri ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, mistari husogea na jedwali hurukia ukurasa wa pili. Hakikisha fonti ya Carlito ipo, maana upana wa herufi zake ni uleule wa Calibri. Kwenye Linux mara nyingine hubidi kuisakinisha kando. Kisha ingia Tools, Options, Load/Save, General, uchague .docx iwe muundo wa kuhifadhia. Kazi ya kukabidhi tu, isiyohaririwa tena, itoe kwa PDF.

Makro za Excel, yaani amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya faili, ni habari nyingine. Baadhi hugoma kabisa kwenye Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice, hivyo mhasibu wa shule anayezitegemea abaki na Excel yake. Leseni hiyo moja ya ofisini haimlazimu mzazi kununua ya kwake.