Watchdog ya BBC: uzoefu wangu, na blenda iliyoniungulia

Nilitaka kukipa nyota tano kipindi hiki cha televisheni ya Uingereza, kilichokuwa kikiwatetea wateja waliouziwa vibovu. Ni muda mrefu sijatazama kipindi mpaka bando likakata, nikanunua jingine usiku uleule. Vipande vya zamani vya Watchdog vipo YouTube, na kwa sisi tunaouziwa vibovu kila siku hapa Kampala, vinakuna haswa.

Kilianza mwaka 1980 kama kipande tu ndani ya Nationwide, kipindi cha habari cha BBC, kikajitegemea mwaka 1985. Waliokiendesha kwa miaka mingi ni Lynn Faulds Wood na John Stapleton, mke na mume, nao wanapendeza. Ila wangu ni Anne Robinson, aliyeshika usukani mwaka 1993. Yule mama hana haja ya kupaza sauti. Akimkazia bwana mkubwa wa kampuni macho, unamwona anavyotafuta pa kuweka mikono.

Halafu kuna mkasa wa Hoover, kampuni ya mashine za kusafishia na kufulia. Mwaka 1992 tawi lao la Uingereza lilitangaza: nunua chochote cha pauni 100, upewe tiketi mbili za ndege, kwenda na kurudi, kwanza za Ulaya, baadaye hata za Marekani. Muuza karanga wa Kisenyi angewaambia hesabu hiyo haina faida! Watu walinunua mashine wasizozihitaji, kampuni ikaanza kuwazungusha, Watchdog wakaivalia njuga. Mteja mmoja wa Cumbria, fundi wa kampuni alipokuja kumtengenezea mashine ya kufulia, alilizuia gari lao karibu wiki mbili. Hasara ilifika kiasi cha pauni milioni 50. Nilicheka mpaka watoto wakaamka.

Sasa huo ndio utamu ulionitia wazimu. Nauza juisi ya ukwaju na maembe, na blenda niliyonunua mjini, duka silitaji, ilianza kutoa moshi kabla msimu wa maembe haujaisha. Nikairudisha kwenye boksi lake, risiti mkononi, kifua mbele. Kijana wa kaunta hakuigusa. Alichomoa kalamu sikioni, akaigonga risiti yangu chini kabisa, kwenye maandishi mekundu: mali ikishauzwa hairudi.

“Mama, umeiingizia maji.”

Nikamwambia blenda ni ya juisi, ulitaka niisagie mchanga? Nikamtajia sheria yetu ya Uganda, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji Huduma ya mwaka 2017, kwamba kitu sharti kifae kwa kazi kilichouziwa. Akaongeza sauti ya redio. Wallahi, aliongeza sauti ya redio!

Kwa hiyo nyota mbili. Uingereza, sheria yao ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha kibovu na kudai fedha zake zote, na bado wana televisheni ya kuwakoromea wauzaji. Sisi sheria tunayo na Shirika la Viwango tunalo, lakini mimi peke yangu mbele ya kaunta ni nani? Kipindi hiki kinakupandisha mori kisha kinakuacha dukani na kijana wa kalamu. Na hao BBC wenyewe, mwaka 2020 wamekitia ndani ya The One Show, kipindi chao cha jioni cha mchanganyiko. Miaka arobaini ya kazi, kimerudi kuwa kipande kama kilivyozaliwa. Aibu.

Ngoja lakini, sijamaliza. Nikiwa bado nabishana, dada mmoja aliyekuja kununua pasi aliinua simu na kuanza kurekodi. Hakusema neno. Kijana akazima redio mwenyewe. “Mama, tusifike huko,” akamwita bosi wake, na bosi, ambaye muda wote “hayupo”, akatokea nyuma ya pazia akitafuna. Fedha sikurudishiwa. Waliniwekea mota nyingine bila malipo, tena kwa jina la kunisaidia tu.

Ndipo nikakiona kipindi kwa jicho jingine. Hakuna anayemwogopa mwenye risiti, wanaogopa kuonekana, na hilo Anne Robinson alilijua kabla hatujawa na simu. Basi nyota nne, ya tano nawanyima kwa ajili ya 2020. Duka lile halipati nyota hata moja, na ukwaju wangu sasa nausaga kwa blenda ya jirani hadi niiamini hiyo mota.