Oxford Advanced Learner's Dictionary: kama neno run linakusumbua, nunua hii

Jamani hii kamusi nunueni. Nawaambia hasa sisi tuliotoka Kongo na Kiswahili chetu na Kifaransa, tukafika Kampala tukakuta kila kitu ni Kiingereza, na nitaonyesha kwa neno moja tu, run.

Run ya kukimbia kila mtu anaijua. Cheptegei, yule mkimbiaji wa Uganda, alivyovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kule Valencia mwaka 2020, dakika 26 na sekunde 11, hiyo ni run na haina shida. Sasa nenda kliniki na mtoto, nesi anakuuliza kama ana running stomach, unabaki unamwangalia, kumbe anauliza kama mtoto anahara. Kazini wanasema we have run out of sugar, yaani sukari imeisha. Mwenye duka ana-run duka, basi la Gulu lina-run kila siku, mtu wa siasa ana-run kutafuta ubunge, injini ya boda iko running na boda yenyewe imesimama palepale, kitenge ukikiloweka rangi ina-run yaani inachuja. Hata kriketi, timu ya Uganda ilivyoishinda Papua New Guinea kwenye Kombe la Dunia la T20 mwaka 2024, zile runs ni alama.

Hapo ndo hii kamusi inanifurahisha sana. Ukifungua run unakuta maana zimepewa namba, alafu mbele kuna vichwa vifupi vya herufi kubwa, hapa mambo ya kusimamia biashara, hapa mabasi na treni, hapa maji, so husomi yote, unaenda moja kwa moja kwenye yako. Maelezo yametumia maneno mepesi na mifano ni sentensi ambazo watu wanaongea kweli. Zile za maneno mawili wameziweka mwisho peke yake, na hizo zisome vizuri kabisa, sababu I ran into him ni nimekutana naye bila kutegemea, lakini I ran him over ni nimemgonga na gari, na ukichanganya hizo mbili mbele ya polisi anayeandika maelezo yako ni hatari.

Aliyeianzisha, A. S. Hornby, alikuwa anafundisha Kiingereza Japani, na toleo la kwanza lilichapwa Tokyo mwaka 1942, so tangu mwanzo ni kitabu cha watu ambao Kiingereza si lugha yao, na inaonekana. Ile ndugu yake kubwa, Oxford English Dictionary, wahariri walihesabu maana 645 za run ya kitenzi peke yake, hiyo waachie maprofesa.

Kiswahili humo ndani hakuna. Kama ndo unaanza kabisa, tafuta kwanza ile kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishapata nguvu unahamia hii. Na zile za kopi zinazouzwa barabarani achana nazo, alama za matamshi ni ndogo mno na kwenye kopi hazisomeki, bora ununue orijino iliyotumika hata kama ni toleo la zamani, run haijabadilika hivyo. Pesa ikikataa kabisa, tovuti ya Oxford ya wanafunzi ni bure, unalipa bando tu, ila kwa nyumba yenye watoto wa shule mimi nasema kitabu, kinakaa mezani na kila mtu anafungua.