Maziwa ya kuchemsha au mtindi?

Kwa usalama, maziwa yaliyochemshwa yanaongoza. Bakteria wa brusela, wanaoweza kuwemo kwenye maziwa mabichi, huingia ndani ya seli za kinga zenyewe, zile zinazopaswa kuwameza na kuwaua, wakazaliana humo; ndiyo maana homa yake huweza kuja na kuondoka kwa wiki nyingi. Moto huwamaliza. Subiri maziwa yapande sufuriani, yakoroge, yachemke tena. Uchachu peke yake hautoshi: mtindi wa maziwa mabichi bado unaweza kuwabeba, na hapo naomba tusidanganyane.

Kwa tumbo, mtindi unashinda. Kwa watu wazima wengi, seli za utumbo mwembamba hazitengenezi tena laktesi ya kutosha kuvunja sukari ya maziwa, hivyo tumbo hujaa gesi, wengine huharisha. Bakteria wa mtindi huwa wameshaila sehemu ya sukari hiyo.

Kuhusu kutunza, bila friji mtindi hukaa zaidi.

Ukiwa mjamzito au unalea watoto, chemsha bila kukosa. Ukiumwa tumbo kila unapokunywa glasi moja, gandisha mtindi kwa maziwa yaliyochemka na kupoa, ukitia humo kijiko cha mtindi wa jana.