Chai kwa Mjomba wa Sultani, Wardour Street, London (nyota 4 kati ya 5)

Mjomba wangu ana miaka 74, mstaafu wa bandari ya Malindi, Unguja, na hii ndiyo safari yake ya kwanza London. Big Ben alipoiona akasema saa ni saa. Nikampeleka mtoni, akasema maji machafu. Kilichomsimamisha ni pale nilipomwambia kuwa Soho kuna nyumba ya fundi aliyewavisha vijana wa Kizungu wakajifanya watu wa Zanzibar, mmoja wao mjomba wa Sultani.

"Mjomba wa Sultani yupi?"

"Sayyid Ali bin Hamud."

"Twende," akasema, na kuvaa kofia yake.

Nyumba yenyewe ni namba 41 na 43 Wardour Street. Siku hizi ni mkahawa wa Kichina. Zamani ilikuwa ya Willy Clarkson (1861–1934), fundi wa nywele za bandia na mkodishaji wa mavazi ya maigizo. Kabla hujaingia inua macho: kuna kibao cha buluu chenye jina lake, na kwenye mawe ya mbele yamo majina ya waigizaji wakubwa wa enzi hizo, Sarah Bernhardt na Henry Irving. Watu wengi hawavioni, macho yote yako kwa bata wa kuchoma.

Tulikaa, nikamsimulia. Mwaka 1905 Horace de Vere Cole, mwanafunzi wa Cambridge, na wenzake walikodi majoho na vilemba kwa Clarkson, wakajipaka rangi, wakamtumia meya wa Cambridge simu ya maandishi kwamba ugeni wa Zanzibar unakuja. Walitaka kumwigiza Sultani mwenyewe, ila picha zake zilishatoka magazetini, basi Cole akawa mjomba. Meya akaingia mkenge mzima mzima, akawapokea kwa heshima zote na wakatembezwa mjini. Walipofikishwa stesheni kurudi London, wakatimua mbio.

Mjomba alicheka mpaka meza ya jirani wakageuka. Nikamwambia ngoja, hilo ni dogo.

Februari 1910 Cole akarudia, safari hii kwa jeshi la majini. Aliongoza "watoto wa kifalme wa Uhabeshi" mpaka kwenye manowari Dreadnought, iliyotia nanga Weymouth. Mmoja wa hao Wahabeshi alikuwa Virginia Stephen, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Virginia Woolf, kabandikwa ndevu. Mavazi, Clarkson tena. Bendera ya Uhabeshi haikupatikana, wakapandisha ya Zanzibar, na bendi ikapiga wimbo wa Zanzibar! Virginia na mdogo wake wa kiume, Adrian, walikuwa na binamu aliyekuwa ofisa humohumo melini, wala hakuwatambua.

Sasa sikiliza hili. Adrian ndiye aliyekuwa mkalimani. Ndani ya treni walikuwa na kitabu cha sarufi ya Kiswahili, wakijaribu kukariri maneno mawili matatu, maana kwao Uhabeshi na Unguja ni mulemule. Kiswahili kikawatoka kichwani. Adrian akaishia kutamka mashairi ya Kilatini na Kigiriki aliyosoma shuleni, akiyapinda makusudi, na maofisa wakawa wanaitikia kwa adabu.

Mimi kwenye ile rangi ya uso ndipo mzaha unaponichachia, na nilimwambia hivyo. Mzaha wa kumcheka meya ungetosha bila kutuchora sisi. Mjomba hakukasirika hata. Alikuwa amekwama kwenye kile kitabu. "Wangesoma 'shikamoo' tu," akasema, "wangefika mbali."

Haya, chakula, maana ndicho mlichofungulia. Jikoni nguruwe yupo, kwa hiyo anayechunga halali ajue mapema. Mimi nikiwa nje hula vya baharini: niliagiza tambi za kamba. Zilikuja upesi, sahani imejaa, zinatoa moshi, kamba wamebana meno vizuri na kitunguu cha majani bado kibichi. Ningependa pilipili zaidi, ila hilo ni donda la kila mtu wa pwani. Nyota moja nimeipunguza kwa ngazi: mzee mwenye magoti ya kupakua mizigo miaka 30 hazifurahii.

Mjomba alikataa kula, akataka chai tu. Hapo nikacheka peke yangu. Walipokaribishwa chakula melini, wale vijana walikataa pia, wakasema dini ya Uhabeshi hairuhusu kula kisichoandaliwa kwa namna yake. Kweli yenyewe waliogopa rangi ivuke na ndevu zibanduke. Nikamweleza mjomba. Akanyamaza kidogo, akapigapiga kanzu yake, akamwita mhudumu kwa kidole.

Mhudumu akaja na kijitabu chake. Mjomba akaketi wima, akashika fimbo kwa mikono miwili, akaanza kwa sauti ya khutba: "Bububu. Mtoni. Amani. Mwanakwerekwe, Fuoni, Jang'ombe... Magomeni." Njia za daladala, neno kwa neno, huku akitikisa kichwa kwa uchungu kwenye Jang'ombe. Kisha akanigeukia, mkono umekunjuliwa, nitafsiri.

Nilijiuma mdomo. "Anaomba chai nyingine," nikasema.

Mhudumu aliandika, akamwinamia mjomba kidogo, akaenda. Chai ikaja ya moto, birika zima.

"Umemwambia nini?" akaniuliza mjomba.

"Chai."

"Maneno yote yale, chai?"

Tulilipa taslimu, na hatukufika pauni 20. Ukishukia stesheni ya Leicester Square ni mwendo mfupi kwa miguu. Mezani nilisubiri kidogo nione kama mtu ataingiza mkono mfukoni. Mjomba alikuwa anatazama dari. Mjomba wa Sultani, akaniambia tukishuka ngazi, habebi pesa.