TAHADHARI: Jamaa anayeuza "Solingen ya babu" hapa Nairobi

Kama umeingia kwenye huu ulevi wa wembe wa kukunja, hasa kama umeshafika ile hatua ya kununua wembe wa sita kabla hujajua kunoa wa kwanza, soma hii kabla hujatuma pesa kwa mtu.

Kuna jamaa anauza nyembe za zamani mitandaoni, kisha anakutana na wateja hapa mjini, mara Kencom, mara nje ya Archives. Jina hata nikilitaja halitakusaidia, maana kila baada ya muda ana jingine, na laini nyingine. Mtambue kwa mzigo wake. "Solingen ya babu, mwaka 1860, chuma halisi cha Ujerumani," bei kati ya 8,500 na 14,000, na daima "umebaki mmoja tu." (Solingen ni mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe.) Huo mmoja umekuwa ukibaki tangu mwaka jana.

Mimi hunoa nyembe za marafiki, na marafiki wa marafiki, nyumbani kwangu, kwa mkono. Ndivyo nilivyomjua. Walikuja watu wasiofahamiana, mmoja wa Kahawa West, mwingine wa South B, mwingine mzee mwenye duka Ngara, na kila mmoja akafunua kitambaa chekundu na kunitolea wembe uleule. Sisemi zilifanana. Kwenye chapa, herufi N ya mwisho ya neno SOLINGEN ilikuwa imekatika mguu, na imekatika mahali palepale kwenye nyembe zote.

Kilichomo mle ni wembe wa China wa bei ya chini, ambao ukiagiza mwenyewe haufiki elfu moja na nusu. Sina ugomvi na kiwanda. Wembe ule, kwa bei ile, ukimpata mtu mwenye subira ya kukaa nao kwenye kinoo, unanyoa vizuri tu. Ubaya ni alichoufanyia jamaa: ameisaga chapa ya kiwandani pale shingoni, kati ya bapa na mpini, akachoma maandishi mapya kwa leza, halafu akauloweka kwenye kitu kikali, kwa harufu nasema ni siki, hadi ukaota kutu ya uzee.

Sasa soma alichokiandika: SOLINGEN GERMANY 1860 STAINLESS. Hesabu inakataa. STAINLESS, yaani chuma kisichoshika kutu, kilianza Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, kwa kazi ya Harry Brearley. Wembe wa 1860 utakipata wapi? Halafu desturi ya kupiga jina la nchi kwenye bidhaa ilienea baada ya sheria ya Uingereza ya 1887 na ile ya Marekani ya 1890, zilizotaka bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotoka. Wembe wa kabla ya hapo kwa kawaida una jina la fundi, pengine na la mji, basi. Na jina Solingen si pambo: tangu 1938 sheria ya Ujerumani inalilinda, hupigwa tu kwenye vyuma vilivyotengenezwa huko. Na hicho chuma kisichoshika kutu kimeshikaje kutu namna ile?

Chapa ya kale ilipigwa kwa nyundo na muhuri. Ina kina, kingo zake zimelainika kwa miaka ya kupanguswa, na mara nyingi uchafu mweusi umejikalia ndani. Ya leza ni ya kijivu na bapa. Ukipitisha ukucha unateleza tu. Beba lenzi ndogo ya fundi saa, na uangalie pia mistari ya kusagia. Ikiwa shingo ina mikwaruzo mipya inayometa huku sehemu nyingine yote imezeeka, kuna kitu kimefutwa pale.

Jambo la pili ni umbo. Laza wembe kwenye kioo, hata cha meza ya hoteli. Mgongo na makali vinapaswa kugusa kwa pamoja, maana mgongo ndio unaoshika pembe wakati wa kunoa. (Baadhi ya nyembe za zamani zina makali yaliyopindwa kidogo makusudi, kwa hiyo usimtukane mtu kabla hujatazama vizuri.) Za huyu bwana zinayumba: ukibonyeza ncha, kisigino kinainuka. Bapa lenyewe limepinda.

Tatu, na hii ndiyo inayoniuma kama mnoaji, baadhi yake amezipitisha kwenye mashine ya kusagia ili zionekane kali. Ule wa yule mzee wa Ngara una ukanda wa rangi ya samawati kando ya makali, upana wa punje ya mchele. Rangi hiyo chuma hakiioti mpaka kikaribie nyuzi 300 za joto, na wembe uliofika huko umeshapoteza ugumu wake. Niliunoa jioni nzima. Ulipata makali, ukanyoa shavu moja, ukalegea. Hapo hakuna kinoo wala mkanda wa ngozi utakaouokoa. Labda usage ukanda wote ule mpaka uishe, na ubaki na kijisu cha kukatia uzi.

Atakwambia jaribu kwenye mkono. Anapenda sana hilo, unyoe malaika ya mkononi palepale barabarani. Halithibitishi chochote, hata kisu cha jikoni kilichonolewa vizuri kinafanya hivyo. Tena fikiria ni mikono mingapi wembe huo umepita kabla ya wako. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Wembe wowote wa mitumba, hata wa halali, usafishe kwa dawa kabla haujagusa ngozi.

Halafu kuna hili la mpini, ambalo wengi wanalichukulia kama mchezo. Kwa wateja anaowaona wana pesa, hutoa wembe wenye mpini mweupe na kuwanong'oneza kwamba ni pembe ya ndovu, bei 25,000, usimwambie mtu. Nilioushika mimi ni plastiki iliyochorwa mistari. Lakini hebu tuseme ungekuwa wa kweli. Uko Nairobi! Tani 105 za pembe zilichomwa moto kwenye mbuga ya hapa hapa mwaka 2016, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakufanya mkosaji kwa kuwa nazo tu bila kibali, usiulize kuhusu kuuza. Kwa hiyo ukiwa wa bandia umeibiwa, ukiwa wa kweli una kesi. Mtu anayekuuzia kitu cha namna hiyo anajua fika hutakwenda polisi kumshtaki, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo bidhaa anayouza hasa.

Mtu anaweza kuuliza, mbona hajashikwa muda wote huu? Kwa sababu anachagua. Kijana anayetaka wembe wa kunyolea hamtaki. Atanyoa kesho asubuhi, atajikwaruza kidevu, atarudi na kelele. Anawatafuta wakusanyaji, wale wanaopiga picha wembe umelala juu ya gazeti la zamani, wakaufunga tena kwenye kitambaa. Yule wa South B alikuwa na wake miezi, haujagusa povu. Ukizungumza naye atakuuliza kwanza, "Unazo ngapi?" Ukisema mmoja, anapoteza hamu. Ukisema kumi na mbili, umekuwa bosi.

Mkikutana atataka jioni, giza likianza kuingia, na atakuwa na haraka ya matatu. Mwambie mchana, ndani, penye taa. Picha anazotuma kabla ya hapo si zake. Omba nyingine ambayo wembe uko kando ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Wenye mali yao hutuma dakika hiyohiyo. Yeye atakwambia simu yake ina shida ya kamera.

Ana mtego mwingine kwa walio mbali. Unalipa nusu, kisha baada ya siku chache unapata ujumbe kwamba mzigo umekwama forodha uwanja wa ndege, tuma 3,200 za ushuru kwa namba hii. Ushuru wa serikali haulipwi kwa namba ya mtu binafsi. Unalipwa kwa namba rasmi za malipo, ile 222222 ya eCitizen, na unapewa risiti. Ukituma kwa namba yake, utaona jina la mpokeaji kabla hujamaliza. Soma hilo jina, na ujiulize kama ni la afisa wa forodha au la msichana wa duka la M-Pesa.

Uliyeshaliwa pesa, usifute ujumbe wowote. Kama umetuma sasa hivi, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 bila kuchelewa, ili malipo yarudishwe. Akishazitoa, njia hiyo imefungwa. Namba yake iripoti kwa 333. Nenda kituoni uandikishe na upewe namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na mwende mkiwa pamoja, kwa sababu malalamiko ya wembe mmoja watayacheka ila ya watu watano wenye wembe mmoja watayasikiliza. Mzee wa Ngara tayari ameandikisha. Mwenye wembe wenye ile N iliyokatika mguu aniandikie faraghani, nitautazama bure na kumuunganisha na wenzake.

Anayetaka wembe wa kweli bila presha ya moyo, anunue mpya wa kampuni inayojulikana, ya Solingen au ya Thiers kule Ufaransa, ajue utazidi yuro 100 na ushuru juu yake. Au aagize ule wa China kwa jina lake halisi, na tuunoe pamoja.

Wiki hii jamaa ameibuka kwa jina jipya. Safari hii anauza vinoo, yale mawe ya njano ya Ubelgiji, "nimelitoa stoo kwangu Eastleigh leo asubuhi." Kwenye picha jiwe limewekwa dirishani, na nje ya dirisha kuna theluji.