Pilipili mbuzi za Soko la Kilombero, Arusha: zinafaa kusaga?

Zinafaa sana, ila chagua. Chukua zilizoiva, ngozi inang'aa, kikonyo bado kibichi. Kikilegea na kuwa cheusi, huenda ukungu umeshaingia ndani.

Pilipili 10 saga na karoti 2, punje 6 za kitunguu swaumu, chumvi kijiko 1 cha chai na siki nusu kikombe. Ukali umekaa kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, si kwenye mbegu zenyewe. Ukwangue kama watoto nao watakula. Kaanga kwa mafuta robo kikombe, moto mdogo, mpaka mafuta yaelee. Wengi huharibu hapa: wanaepua mapema, maji yanabaki, pilipili inachacha ndani ya chupa. Pilipili mbuzi ina harufu tamu, ya matunda, kuliko pilipili kichaa.